Isale Lililopelekwa kwa Jina Langu

Mliponiacha Jumapili iliyopita, mkono wangu wa kulia ulikuwa ndani ya mkono wa Elinami, na haukuwa ukitetemeka.

Kwa aliyechelewa nitaeleza kwa ufupi, maana sipendi mtu asimame mlangoni pa habari yangu akichungulia. Jina langu ni Naisiae. Ni Mwarusha wa upande wa magharibi wa Mlima Meru, binti wa wafugaji. Nilisoma diploma ya kilimo pamoja na Elinami na Paskalina. Tulikuwa mafiga matatu; ukimwona mmoja, wawili wako nyuma wanakuja.

Masika ya mwaka jana, mimi na Paskalina tulikuwa tunashuka kutoka Nkoaranga. Mto ulikuwa umejaa. Tulivuka tumeshikana mikono. Mimi nikafika ng'ambo, yeye hakufika.

Tangu siku ile mkono wangu wa kulia ukawa kama wa kuazima. Mtu akiushika, nasikia maji. Nimeyasikia maji hayo kanisani watu wakipeana amani. Nimeyasikia dukani, nikimpimia mteja mbegu za karoti, nikamwaga mbegu zote sakafuni na mteja akaniuliza kama nimelewa.

Nikaanza kwenda kliniki ya afya ya akili mjini. Pale nilimpata mshauri, Sista Aika, mama mnene asiye na haraka. Alinitembeza polepole, leo mbele, kesho nyuma, mpaka nikaweza kuitamka sentensi moja bila kutapika: "Sikumwachia. Maji yalimchukua."

Ni sentensi fupi, lakini mimi nilipanda nayo mlima.

Na Elinami je? Elinami hakuwahi kunitongoza. Alikuja dukani kwangu Tengeru kila jioni, akakaa juu ya gunia la mbolea, akanisimulia upuuzi wa siku nzima hadi nifunge. Mwaka mzima alinisalimia kwa mkono wa kushoto. Watu walimsema, mtoto wa mwinjilisti gani huyu asiye na adabu. Hakujitetea. Alijua ule wa kulia hauguswi.

Mpaka jioni ile niliyowasimulia wiki iliyopita, nilipoutoa mwenyewe nikauweka katika kiganja chake, nikasubiri maji yaje. Hayakuja.

Nilidhani nimefika. Kumbe nilikuwa nimepumzika tu njiani.

*

Alhamisi aliingia dukani akiwa na uso wa mtu aliyebeba zawadi asiyojua ataitoa vipi.

"Naisi, shangazi amekuita."

"Shangazi yupi?"

"Una mashangazi wangapi wewe? Mama Paskalina. Jumamosi, nyumbani kwake Akheri. Anapika."

Nilikaa chini. Mama yake Paskalina ni dada wa baba yake Elinami. Siku ya mazishi nilimwendea kumpa pole, akanitazama kuanzia miguuni, akasema maneno matano tu: "Na wewe ulirudi kwa nini?" Tangu hapo nikipita barabarani huvuka upande wa pili. Ndiye aliyekuwa ametuzibia njia mimi na Elinami, kwa kuwa ukoo mzima ulisema hakuna posa itakayotoka kabla shangazi hajaridhika.

"Umemwambia nini?" nikauliza.

"Nimemwambia nakupenda."

"Mwanamke aliyekataa hata pole yangu msibani, leo anipikie machalari ya ndizi na nyama kwa sababu wewe unanipenda?"

"Watu hubadilika, Naisi."

"Hubadilika, ndiyo. Ila huwa kuna kilichowabadilisha."

Alichukua jiwe la mizani, akaligeuzageuza mkononi, akalirudisha palepale. "Wewe njoo tu," akasema. "Mengine niachie mimi."

Nilimwachia. Mtu aliyenisalimia mwaka mzima kwa mkono wa kushoto, nisimwachie nini?

Usiku nilimpigia simu mama yangu, Namnyaki. Alicheka kwa furaha hadi ng'ombe wakasikika wakishtuka.

"Usiende mikono mitupu ukatuaibisha," akasema. "Wale Wameru watasema Waarusha tunajua kula tu. Nitakutumia kibuyu cha maziwa mgando."

"Yeyo, na wakinikataa?"

"Wakikukataa, rudi na kibuyu changu."

*

Akheri ilikuwa imenyeshewa asubuhi. Migomba ilikuwa inametameta, na njia ya kwenda kwa Mama Paskalina ilikuwa telezi, lakini nilishuka nayo nikiwa nimemshika Elinami mkono, wa kulia, mbele ya watu wote. Mbwa alibweka. Kuku wakatukimbia. Kwa dakika zile, wasomaji wangu, nilikuwa mwanamke wa kawaida anayepelekwa ukweni.

Jikoni nilimkuta Nice, mdogo wake Elinami, amezungukwa na maganda ya ndizi.

"Karibu wifi! Kaa hapa. Huku kwetu mgeni wa kike hakai sebuleni kama kalenda."

Nikachukua kisu. Akanitazama, akaanza kucheka.

"Jamani! Huyu Mwarusha anamenya ndizi kama anachuna mbuzi!"

"Na wewe siku ukija kwetu ukamue ng'ombe, tutaona kama hutambonyeza kama simu."

Tulicheka wote wawili. Ilikuwa muda mrefu sijacheka jikoni kwa watu. Nice akasogea karibu, akashusha sauti, akaniwekea mkono begani.

"Wifi, nikwambie kitu. Umefanya jambo la mtu mzima. Si kila mtu ana moyo wa kukubali."

"Kukubali nini?"

Kabla hajajibu, sauti ya Mama Paskalina ikaita kutoka ndani. "Nice! Leta maji ya kunawa, wazee wanasubiri!"

Nice akanifinya shavu, akachukua jagi na beseni, akatangulia. Mimi nikafuata, neno "kukubali" likinizunguka kichwani kama nyuki aliyeingia chumbani.

Sebuleni palikuwa na Mama Paskalina, Elinami, na Mzee Gadiel, mshili wao, yaani mzee wa ukoo anayesikiliza mashauri. Nilipiga magoti kidogo.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema Mama Paskalina.

Mwanangu! Nilitaka kugeuka nyuma nione anamwambia nani.

Alikuwa amekonda. Kanga ilimzunguka mara mbili. Lakini alinishika mabega, akanikalisha karibu yake, na nikasikia harufu ya sabuni ileile aliyokuwa akiitumia Paskalina.

Nice akaja na jagi. Kwa kawaida nyumbani nanawa kwenye bakuli, kimya kimya. Hapa maji yalimiminwa kutoka juu, yakaanguka kwenye mkono wangu wa kulia, yakapiga beseni, na mlio ule ukapanda, ukapanda, ukajaza chumba. Sikumwona Nice tena. Niliona maji ya kahawia yenye matawi ndani yake.

Sista Aika alinifundisha: mto ukija, tafuta kilichopo. Kochi la kijani. Picha ya kipaimara ya Paskalina ukutani. Soksi ya Mzee Gadiel iliyotoboka kwenye kidole. Niliikazia macho ile soksi mpaka kochi likarudi kuwa kochi.

"Wifi, yametosha?" Nice akauliza.

"Yametosha."

Elinami alikuwa ananitazama. Nilimtabasamia ili ajue nimeshinda. Yeye hakutabasamu.

*

Chakula kilikuwa mezani kimefunikwa. Mzee Gadiel aliomba sala, sala ndefu ya Kilutheri isiyosahau hata wagonjwa wa jimbo jingine. Aliposema amina, nilinyoosha mkono kuchukua sahani.

"Ngoja kwanza, binti," akasema. "Chakula hiki kina neno mbele yake."

Mama Paskalina akainuka, akaenda kwenye kabati la vyombo, akarudi na kisosi. Juu yake palikuwa na jani refu la kijani, limefungwa fundo, limeanza kukauka ncha.

Isale.

Ninyi wa mbali mnaweza kuliona jani hilo kama majani mengine. Huku hupandwa kwenye mipaka ya mashamba na juu ya makaburi. Na mtu akimkosea mwenzake kosa zito, hulifunga fundo, akampelekea kuomba msamaha. Anayeletewa isale hana ruhusa ya kulikataa. Akilipokea, deni la moyo limekwisha. Hawezi tena kukudai wala kukulaani. Ndiyo nguvu yake.

Lakini hakuna anayepeleka isale bila kosa. Kwetu sisi Waarusha, mtu hung'oa majani mabichi akayainua kuomba amani hata kama hakugusa mtu. Ugomvi ukizimika, inatosha. Isale si hivyo. Isale ni jani la mwenye hatia.

"Limepokelewa," akasema Mzee Gadiel. "Na likishapokelewa halirudi. Hapa hakuna polisi wala hakimu, binti yangu. Sema tu kwa kinywa chako kile ulichokisema kwa kinywa cha Elinami. Kisha tule, na posa ipite."

Nilimtazama Elinami. Elinami alikuwa anatazama beseni.

"Elinami alisema nini kwa kinywa changu?" nikauliza.

Nice, aliyekuwa mlangoni, akarudi nyuma hatua moja.

Mama Paskalina ndiye aliyejibu, tena kwa upole, na upole ule ulinikata kuliko maneno yake yote ya msibani.

"Kwamba uliogopa, mwanangu. Kwamba ulimwachia mkono ili wewe upone. Nimekusamehe. Ningekuwa mimi kijana, labda na mimi ningeogopa." Akanishika mkono, ule ule. "Na nikwambie jambo? Tangu Elinami alete jani hili, nalala. Nilikuwa nimesahau usingizi una ladha gani. Sasa naweka kichwa, nalala. Basi sema tu, tumalize. Sema ulimwachia."

Wasomaji, hebu kaeni kwenye lile kochi la kijani badala yangu.

Nikisema "nilimwachia", mama huyu atalala. Elinami atapewa baraka. Nice ataendelea kuniita wifi. Machalari yataliwa. Na mimi, ile sentensi niliyoipandia mlima nitaitupa chini kwa mkono wangu mwenyewe, na sijui kama nitaweza kuipanda tena. Najua nilikokuwa kabla ya sentensi ile. Nilikuwa mahali ambapo dada zangu walificha kamba za kufungia ndama.

Nikamtazama tena Elinami. Niambie kitu, nilimwambia kwa macho. Simama. Sema ulikosea.

Akasema, sauti ndogo, "Naisi, ni neno moja tu."

Neno moja tu.

"Mama," nikasema, "sikumwachia."

Mkono wake ukakaza juu ya wangu.

"Nilimshika mpaka bega likatoka. Muulize daktari aliyelirudisha. Sikumwachia, mama. Maji yalimchukua."

Ilitoka yote. Sikutapika. Nilitarajia nitajisikia mwepesi, lakini nilimwona tu mama mmoja akinyang'anywa usingizi wake mchana kweupe, na mnyang'anyi ni mimi.

Mzee Gadiel akavua miwani. "Basi isale hili ni la nani?"

Jani lilibaki pale juu ya kisosi kama mtoto aliyekataliwa na baba wote.

"Anasema uongo," Mama Paskalina akasema. Upole ulikuwa umekwisha. Aliuachia mkono wangu kama kaa la moto. "Kaka Gadiel, anasema uongo. Kama hukumwachia, kwa nini mlivuka? Eh? Kila mtu wa Nkoaranga alijua mto umejaa. Mbuzi wenyewe hawakuvuka! Nani aliwavusha?"

Hapo ndipo nilipofunga mdomo.

*

Mambo haya sijawahi kuyaandika. Hata Sista Aika nilimpitisha mbali nayo.

Jioni ile tuliufikia mto, tukauona, tukakubaliana kurudi juu tukalale kwa mkulima mmoja aliyetukaribisha. Paskalina ndiye aliyesema, "Mimi sivuki uji wa chokoleti huo." Tukacheka. Tukageuka.

Simu yake ikaita.

Nilikuwa karibu, na mama yake ana sauti ya mlimani. Nilisikia kila neno. Wageni wa jumuiya walikuwa wamefika nyumbani, wamekaa, na hakuna wa kuwapikia chai. Paskalina akasema, mama, mto umejaa. Na ile sauti ikajibu:

"Mto gani? Mto huo nimeuvuka na wewe mgongoni! Wewe sema hutaki kuja kunisaidia!"

Paskalina akakata simu. Akavua viatu, akavifunga kamba, akavitundika shingoni. "Naisi, twende tu," akasema. "Nikikosa kufika leo, nitasimangwa mpaka Krismasi."

Ni chai tu, wasomaji wangu. Chai ya wageni wa jumuiya.

Mwaka mzima nimelificha jambo hilo. Mwanzoni nililificha kwa sababu niliamini kosa ni langu na sikutaka kumgawia mtu. Baadaye, nilipoanza kupona, nililificha kwa sababu nilijua uzito wake. Mzigo uliokuwa unaniua mimi, kijana mwenye dada na kliniki na Elinami, ungemfanya nini mjane mwenye nyumba ya vyumba vitatu na picha ya kipaimara?

Kwa hiyo alipouliza nani aliwavusha, nilinyamaza.

"Tazama!" akasema Mama Paskalina, akisimama. "Tazama anavyonyamaza! Mwenye haki hunyamaza? Ndiyo maana anapelekwa kliniki ya vichaa mjini, akadanganywa na wasomi kwamba hana kosa. Wanawafundisha kusahau watu wetu!"

"Dada, taratibu," Mzee Gadiel akasema.

"Taratibu ipi? Nimelipokea isale! Nimemsamehe! Sasa ananiambia nimesamehe hewa?"

Nikainuka. Nilimwambia Mzee Gadiel aniwie radhi. Nilimwambia Nice asimwage maziwa, kibuyu nitatuma mtu akifuate. Nikatoka.

*

Elinami alinifikia kwenye mibuni, pale njia inapoanza kupanda.

"Naisi! Naisi, simama!"

Nikasimama. Alikuwa anahema. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, kwa mazoea, na nilipouona mkono ule nikataka kulia, lakini hasira iliwahi kufika.

"Lini?" nikauliza.

"Wiki mbili sasa."

"Kwa hiyo jioni ile, dukani, nilipokupa mkono wangu, jani lilikuwa tayari kwa shangazi yako."

Akaurudisha mkono wake.

"Elinami!"

"Nilikuwa nimechoka kukuona unavyonyanyaswa!" akasema. "Njia ilikuwa moja tu. Shangazi asingekubali kwa maneno. Nikasema, isale likishapokelewa yamekwisha, hata kama mtu hakukosa. Nani ataumia? Yeye apumzike, sisi tuoane. Nilidhani Mzee Gadiel atabariki tu tule. Sikujua watakutaka useme."

"Mtoto wa Kimeru hukujua isale linasema nini?"

"Nilijua." Akainamisha kichwa. "Nilijua."

Mvua ilikuwa imeanza tena, ile nyembamba ya mlimani isiyolowesha haraka. Nilikuwa na swali moja. Ningeweza kuondoka bila kuliuliza, na labda leo ningekuwa nawaandikia habari ya harusi. Lakini ulimi wangu haujui kukaa ndani.

"Nijibu moja, kisha nakuacha. Wewe mwenyewe, moyoni mwako, unaamini nilimwachia?"

Mtu anayekupenda, swali hilo halimhitaji kufikiri. Ni kama kuulizwa jina la mama yako.

Elinami alifikiri.

"Naisi," akasema hatimaye, "mimi sikuwepo."

"Sikukuuliza kama ulikuwepo."

"Ningejuaje? Uliponiambia mara ya kwanza, hospitalini, wewe mwenyewe ulisema umemuua. Ulilisema miezi mingi. Halafu siku moja ukarudi kutoka kliniki unasema maji. Mimi ningeshika lipi? Nilikupenda ulipokuwa unasema hivi na nilikupenda ulipokuwa unasema vile. Haikunihusu ni lipi la kweli!"

"Mimi ilinihusu."

"Nilikuwa tayari kukuoa hata kama ulimwachia! Huo si upendo?"

Sijui. Ninyi mniambie. Nimelala juu ya swali hilo siku zote hizi na bado linanichoma mbavu. Mwanamume anakwambia alikuwa tayari kukubeba na hatia yako, wakati wewe ulikuwa unamwomba kitu chepesi kuliko hicho: akuamini kwamba huna.

"Nenda nyumbani, Elinami," nikasema. "Machalari yanapoa."

"Naisi..."

"Nenda."

Hakwenda. Alisikia hatua nyuma yake, akageuka, na uso wake ukabadilika.

Nikatazama alikotazama.

Mama Paskalina alikuwa anakuja kati ya mibuni, peku, bila mtandio, kanga imemlowa hadi magotini. Hakuwa anakimbia. Alikuja akishika shina moja la mbuni, analiachia, anashika jingine, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yenye giza. Alipotufikia hakumtazama Elinami. Alinitazama mimi, na macho yale hayakuwa ya msibani wala ya kochi la kijani. Sikuwahi kuyaona kabla.

"Umenyamaza," akasema.

"Mama, kunanyesha. Tafadhali, rudi..."

"Nilikuuliza nani aliwavusha, ukanyamaza. Nimekaa pale nikasema amenyamaza kwa sababu ana hatia. Halafu Nice akasema, shangazi, muongo angekuwa na jibu tayari." Alijipangusa mvua usoni. "Mtu wa kujitetea angesema chochote. Angemsingizia hata marehemu. Wewe ulinyamaza kama mtu anayemfunika mwenzake."

Nilisogeza tawi la mbuni lililokuwa kati yetu, nimwone vizuri.

"Siku ile nilipiga simu," akasema. "Jioni. Wageni walikuwa wamekaa. Nilimwambia maneno, sikumbuki vizuri, maneno ya hasira tu, ya mama. Nilimwambia mto ule nimeuvuka naye mgongoni." Akaishika ncha ya kanga kwa mikono yote miwili. "Akanikatia. Nikajiambia simu imekata mtandao. Mwaka mzima najiambia ni mtandao. Nikasema walikuwa wameshavuka wakati nilipopiga. Nikasema walikuwa bado mbali. Nikasema yule Mwarusha ndiye aliyemwachia. Sasa wewe niambie, Naisiae. Ulikuwepo. Mlikuwa mmeshaamua nini kabla sijapiga? Ni simu yangu iliyowavusha?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu tangu tumzike binti yake.

Nyuma ya bega lake alisimama Elinami. Alikuwa ameelewa, nililiona jambo lile likimwingia usoni kama maji yanavyoingia kwenye kitambaa. Na akaanza kunitikisia kichwa. Taratibu. Kulia, kushoto. Macho yamemtoka, ananisihi. Hapana, Naisi. Mwambie hapana.

Sitamsahau akiwa vile. Mwanamume niliyempenda, kwa mara ya pili katika mchana mmoja, ananiomba nimbebe Paskalina mimi peke yangu ili watu wa nyumbani kwake walale.

Na kibaya zaidi, safari hii sikuweza kumchukia. Alikuwa anamwogopea shangazi yake. Hata mimi nilimwogopea. Nilimwona alivyokonda, nilizisikia kamba za ndama zikifichwa, nilijua giza analoingia mtu mlango ule ukifunguliwa, na kwamba huko hakuna aliyemtayarishia Sista Aika.

Nikisema hapana, atarudi ndani, atalala, na nitakuwa nimeuua ukweli wangu kwa mdomo wangu. Nikisema ndiyo, mwanamke huyu hatalala tena mpaka azikwe, na nitakuwa nimefanya hivyo mbele ya mtoto wa kaka yake.

"Niambie," akasema. "Usinihurumie. Umenihurumia mwaka mzima na mimi nimekutukana."

Mvua ikaongezeka. Elinami bado alikuwa anatikisa kichwa.

Nilivua koti langu, nikalitandika juu ya majani ya migomba yaliyolundikwa kando ya njia, nikamshika mama yake Paskalina viwiko vyote viwili.

"Kaa chini kwanza, mama," nikasema.